Kuchagua vikinga masikio vya elektroniki kwa mwindaji: mwongozo kamili kutoka Tanga

Sikio langu la kushoto lilianza kuharibika asubuhi moja kule Handeni. Jua lilikuwa limeshachomoza, umande ungali kwenye majani, na kundi la kanga lilikuwa likikwaruza chini ya mkwaju mbele yetu. Vizibo vyangu vya sponji vilikuwa mfukoni mwa shati. Nilikuwa nimevitoa mwenyewe dakika chache kabla, kwa sababu sikuweza kusikia kanga wanalia upande gani. Mwenzangu alikuwa nyuma yangu kidogo, mkono wa kushoto. Akaona nafasi ambayo mimi sikuiona, akapiga. Mtutu wa shotigani yake ulikuwa kama hatua mbili kutoka shavuni kwangu. Kanga wawili walianguka, nami nikabaki nimeshika sikio. Ukaanza mlio mwembamba kama wa nyenje, na mpaka leo nyumba ikitulia usiku nausikia.

Vikinga nilikuwa navyo. Tatizo ni kwamba vilikuwa vya aina ambayo lazima uvitoe ndipo usikie, na mwindaji hawezi kukaa porini bila kusikia. Vikinga vya elektroniki vilitengenezwa kwa ajili ya shida hiyo hasa: vinakuachia sauti ndogo na kuzuia mlipuko, kwa hiyo hupati sababu ya kuvivua. Chochote utakachosoma hapa chini kinarudi kwenye swali hilo moja: je, hiki kifaa nitakivaa tangu naingia porini mpaka natoka?

Nawaandikia wenye leseni ya bunduki na kibali cha kuwinda, wanaokwenda mahali panaporuhusiwa. Saadani, iliyo katikati ya Pangani na Bagamoyo, ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na humo hakuna kuwinda. Nawaandikia pia askari wa wanyamapori wa vijijini wanaofukuza nguruwe pori na nyani mashambani. Hao hupiga risasi nyingi kuliko sisi, na mara nyingi masikio yao yako wazi.

Hatua ya 1: Ijue bunduki yako inalia kiasi gani

Kelele hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazipandi kama kilo za unga. Zikiongezeka 10, nguvu ya sauti inazidi mara 10. Zikiongezeka 20, inazidi mara 100. Wataalamu wa afya kazini wanaona mtu anaweza kukaa kwenye kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zikipanda 3, muda huo unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Kwa mlipuko wa ghafla, mpaka unaotajwa ni desibeli 140.

Sasa linganisha. Raifo ndogo inayotumia risasi za .22 huzunguka hapo kwenye 140. Shotigani ya geji 12 hupita 150. Raifo kubwa, kama .30-06 au .375, hufika 160 na kuzidi. Mtutu ukiwa na kile kifaa cha mbele chenye matundu ya kupunguza teke la bunduki, aliyesimama ubavuni hupata kelele zaidi, kwa sababu hewa ya moto hutupwa pembeni.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono, kinaitwa koklea. Humo mna chembe zenye vinyweleo vidogo sana vinavyopokea mtikisiko wa sauti, na zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kufa ni za sauti nyembamba, hasa zilizo karibu na hertz 4,000. Ndiyo maana mtu aliyeumia kwa bunduki hukwambia, “Nasikia watu wanaongea, ila sisikii wanasema nini.” Herufi kama s, f na sh zimo humo kwenye sauti nyembamba. Mjukuu akisema “sita,” wewe unasikia “ita.”

Anayelengea bega la kulia huumia zaidi sikio la kushoto, kwa sababu hilo ndilo linalotazama mtutu. La kulia limejificha nyuma ya kivuli cha kichwa. Na wale wazee wetu wanaosema, “Mimi nimeshazoea mlio, haunisumbui tena,” nawaheshimu, lakini sikio halina kuzoea. Wanachokiita mazoea ni uziwi ulioanza.

Hatua ya 2: Elewa nini kinakukinga na nini kinakusikizisha

Hapa ndipo wengi wanapopotea dukani. Wanadhani elektroniki ndiyo inayozuia mlipuko, kumbe kazi hiyo ni ya kikombe chenyewe: plastiki ngumu, sponji ndani yake, na ule mto laini unaozunguka sikio na kuziba hewa. Elektroniki inakurudishia sauti ambazo kikombe kimezizuia. Nje ya kikombe kuna maikrofoni. Inadaka sauti, saketi inaikuza, kisha spika ndogo iliyo ndani inakupigia sikioni. Bunduki inapolia, saketi inabana ile sauti ya spika isipite kiwango kilichowekwa, ambacho kwenye vifaa vingi ni desibeli 82 hadi 85.

Kwa hiyo betri ikikuishia katikati ya pori, usivue; bado una kikinga kamili, umepoteza usikivu tu. Na kikombe kisichoziba vizuri hakiokolewi na saketi hata iwe ya bei gani, kwa maana mlipuko unapita ulipo mwanya.

Kubana kwenyewe kuna namna mbili. Vifaa vya zamani au vya bei ndogo hukata sauti yote kwa muda mfupi, unabaki kwenye kimya, halafu sauti inarudi. Vizuri zaidi ni vile vinavyoshusha mlipuko peke yake na kukuachia sauti nyingine ziendelee. Tofauti hii inahusu usalama pia. Mwenzako akipiga, sekunde ileile anaweza kuwa anakupigia kelele “Lala chini!” na ni lazima umsikie. Boksi nyingi hujigamba kwa kasi ya kubana, eti sehemu hii ya elfu ya sekunde. Kasi ni jambo zuri, ila usiongeze pesa nyingi kwa ajili yake. Kikombe hakisubiri kuwashwa, na spika haina uwezo wa kukupigia mlio wa bunduki.

Kuna vitu vitatu vinavyofanana na vikinga lakini sivyo. Hedifoni za muziki zinazofuta kelele zimetengenezwa kwa mvumo wa ndege na mabasi, hazikutengenezewa mlipuko. Vile vikuza sauti vidogo wanavyouziwa wazee sokoni vinakuza tu, havizibi. Na shimesikio, yaani kifaa cha usikivu anachopewa hospitalini asiyesikia vizuri, hakigeuki kuwa kinga kwa kukizima. Anayetumia shimesikio alivue kwanza, kisha avae vikombe vya elektroniki na kuongeza sauti kadiri anavyohitaji. Akitaka kuvaa vyote pamoja, aulize kwanza mtaalamu wake wa usikivu, maana waya na plastiki nyuma ya sikio huweza kuinua mto wa kikombe, na vifaa viwili vikikutana huanza kupiga mluzi.

Hatua ya 3: Chagua umbo

Vikombe vya kuvaa juu ya sikio ndivyo ningemshauri anayeanza. Ni rahisi kuvivaa sawasawa, havipotei, vinatumia betri ndogo za AAA zinazopatikana hata duka la kijijini, na bei yake inavumilika. Howard Leight Impact Sport, kwa mfano, ambayo wapiga risasi wengi duniani wanaijua, ina kikombe chembamba, betri mbili za AAA, kikomo cha desibeli 82, na hujizima yenyewe baada ya saa 4 ukisahau. Ubaya wa vikombe ni joto. Mchana wa Januari huku kwetu, jasho linatiririka mpaka shingoni.

Vya kuingia ndani ya sikio ni vyepesi, havigusani na kitako cha bunduki, na havigombani na kofia wala miwani. Vizuri vyake huuzwa kwa mamia ya dola. Betri zake ndogo za duara hazipatikani kila mahali, na vingine ni vya kuchaji, kwa hiyo kambi isiyo na sola itakuwa tatizo. Kinga yake yote inategemea ncha ya mpira au sponji iingie barabara. Ukiiweka nusunusu, umevaa pambo.

Kuna pia vizibo visivyo na betri vyenye tundu jembamba au valvu, ambavyo hupitisha sauti ndogo na kuukwaza mlipuko. Ni vya bei nafuu na haviharibiki. Havikuzi chochote, na sauti ndogo vinaipunguza kidogo, lakini ni bora mara mia kuliko masikio matupu. Askari wa kijiji asiye na bajeti aanze na hivi.

Hatua ya 4: Soma boksi kwa jicho la mnunuzi

Boksi la Marekani litakuwa na herufi NRR na namba. La Ulaya litakuwa na SNR. Hivyo ni vipimo viwili tofauti vya desibeli ngapi kifaa kinapunguza, na kifaa kilekile mara nyingi kitaonyesha SNR kubwa kuliko NRR, kwa hiyo usilinganishe namba za mabara mawili. Vikombe vingi vya elektroniki vina NRR ya 20 na ushee. Vizibo vya sponji vizuri hufika 33, na hapo ndipo karibu na kilele. Ukiona maandishi ya NRR 38 au 40, rudisha boksi kwenye rafu. Kwa vifaa vya Ulaya tafuta pia namba EN 352, ambayo ndiyo viwango vyao vya vikinga masikio. EN 352-4 inahusu vikombe vinavyobadilika kufuatana na kelele, na EN 352-7 inahusu vizibo vya namna hiyo.

Namba ya boksi ilipimwa maabara, kwenye vichwa vilivyovalishwa kwa uangalifu. Porini utapata pungufu. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, mwaka 1998 ilishauri kuondoa robo ya NRR kwa vikombe, na nusu kwa vizibo vya sponji. Fanya hesabu mwenyewe: NRR 22 ukiondoa robo inabaki kama 16. Raifo ya desibeli 160 ukiitoa 16 bado uko 144, juu ya mpaka. Ndiyo maana kwa raifo kubwa, na kila unapokwenda kupima shabaha risasi kumi au ishirini mfululizo, vaa viwili: kizibo cha sponji ndani, kikombe cha elektroniki juu, halafu ongeza sauti ya kikombe. Kinga inaongezeka kama desibeli 5 juu ya kile chenye namba kubwa. Usijumlishe 33 na 22 ukasema una 55. Haiendi hivyo, kwa sababu sauti nyingine inapita kwenye mifupa ya kichwa. Wengi hawaamini mpaka wajaribu, lakini kwa vikombe vya elektroniki juu ya vizibo bado utasikia mazungumzo.

Kuhusu vifaa feki, nimeumwa mwenyewe. Niliagiza pea moja kwa mtandao kutoka kwa muuzaji mmoja, bei nusu ya wengine, picha nzuri, maneno mazuri. Ilipofika niliwasha, ikakuza sauti vizuri tu, nikafurahi. Wiki ya pili nilikuwa naambiwa kanga wako kulia nami natazama mbele. Nikachukua bisibisi nikaifungua. Kikombe cha kushoto kilikuwa na maikrofoni. Cha kulia kilikuwa na tundu lilelile kwa nje, na kipande kilekile cha sponji juu yake, lakini nyuma ya tundu palikuwa patupu, plastiki tu. Sauti ya maikrofoni moja ilikuwa inagawiwa masikio mawili. Tangu hapo sinunui kifaa bila kukijaribu mwelekeo, na nitaeleza jinsi ninavyofanya.

Hatua ya 5: Kivae pamoja na kila kitu utakachovaa porini

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Vaa kofia yako ya porini, miwani yako, na kama unajifunga kilemba au mtandio, uwe nao tayari. Kisha vaa vikombe, VIMEZIMWA. Upinde ukae utosini, vikombe vimeze sikio zima, na mto ulale juu ya ngozi kuzunguka pande zote. Kitambaa kisipite chini ya mto. Anayevaa mtandio avae vikombe kwanza, kisha ajifunge juu yake. Nywele zilizosukwa nene zisogezwe. Miwani iwe ya mikono myembamba, maana mkono mnene huinua mto na kuacha mwanya mrefu mbele ya sikio. Mito yenye jeli hufuata umbo la miwani vizuri zaidi kuliko ya sponji, na kwa mtu wa miwani ni pesa halali.

Sasa mwambie mtu aongee, au washa redio. Bado vikombe vimezimwa. Bonyeza vikombe vyote kwa viganja kuelekea kichwani. Kimya kikizidi sana, kuna mwanya. Tafuta uko wapi, urekebishe, rudia. Kisipobadilika sana, umeziba. Mpwa wangu alipokuja kuchagua vyake, tulikaa barazani kwangu Ngamiani karibu saa nzima kwa jaribio hili moja. Aliniuliza, “Mjomba, hivi ni lazima kubonyezabonyeza hivi? Mbona nasikia vizuri?” Nikamwambia, “Mwanangu, kusikia vizuri ni kazi ya betri. Mimi nakagua plastiki.” Ikagundulika kofia yake yenye ukingo mgumu ilikuwa inasukuma kikombe cha kulia kila alipoinamisha kichwa. Tulibadilisha kofia, vikombe tukaviacha.

Baada ya hapo, chukua bunduki. Ifungue, hakikisha haina risasi, mwingine naye aangalie. Inue begani kama unavyolenga kweli, shavu juu ya kitako. Kikombe kinene cha upande wa kulengea hugongwa na kitako na kuinuka, kwa hiyo unapoteza kinga hasa wakati ule unapovuta kifyatulio. Hapo ndipo vikombe vyenye chini nyembamba vinapolipa gharama yake. Rudia mara kumi, haraka na polepole, kwa kulenga juu kama ndege anaruka na kulenga chini kama sungura anakimbia. Ukijikuta unakunja shingo kukwepa kikombe, hicho si chako, na shabaha yako itaharibika pia.

Kwa vizibo vya sponji, vivingirishe kwa vidole safi mpaka viwe vyembamba kama kijiti. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke, ingiza, halafu shikilia kwa kidole sekunde 20 hadi 30 mpaka sponji ijae. Ukitazama kioo ukakiona kizibo kimechomoza nje kama uyoga, hakijaingia.

Hatua ya 6: Jaribu mwelekeo na sauti ndogo

Kichwa hujua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili: lipi limesikia mapema kidogo, lipi limesikia kwa nguvu. Kujua mbele na nyuma kunategemea mikunjo ya sikio la nje, na kikombe kinaifunika yote. Kwa hiyo kila kikombe kinapunguza uwezo huo, hata kile cha bei kubwa. Vya kuingia sikioni mara nyingi huupunguza kidogo kuliko vikombe. Unachotafuta ni maikrofoni mbili zinazojitegemea, kushoto na kulia, na sauti zake ziwe sawa.

Nilimfunga mpwa macho kwa leso katikati ya ua, vikombe vimewashwa. Nikamzunguka pekupeku, nasimama, natikisa funguo mara moja, naye ananyoosha kidole. Kushoto na kulia alipata kila mara. Mbele na nyuma alikosea mara tatu kati ya kumi. Nikamfundisha kugeuza kichwa kidogo kushoto, kisha kulia, kabla ya kuamua, na makosa yakapungua papo hapo. Fanya zoezi hili nyumbani siku kadhaa kabla ya kwenda porini. Kukosea mbele na nyuma mkiwa watu wanne wenye bunduki kwenye vichaka ni hatari kubwa.

Halafu nenda mahali pa kimya usiku, uwashe, upandishe sauti taratibu. Kifaa kibovu kitaanza kuchemka kama sufuria ya chai, shshshsh, na mchemko huo utafunika hatua ya paa kwenye majani makavu. Wauzaji hupenda kusema kinakuza mara sita, mara nane. Kukuza sana hukuza vyote: suruali yako inayosuguana, pumzi yako, nyasi. Mimi huweka sauti mahali ambapo nasikia kama nilivyosikia nikiwa kijana, kisha naongeza kidogo tu tunapokaa kusubiri. Tukianza kutembea, nashusha.

Hatua ya 7: Upepo, jasho na chumvi

Mwongozo ulioandikwa Ulaya haukutajii kusi. Upepo huo ukivuma, maikrofoni tupu inapiga ngurumo sikioni mpaka unatamani kutupa kifaa. Tafuta maikrofoni zilizofunikwa kwa sponji, au zilizozama ndani ya plastiki. Jaribio ni rahisi: vaa, simama Raskazone baharini saa kumi jioni, geuza uso kushoto na kulia. Ukivumilia hapo dakika tano, Handeni na Kilindi hakutakushinda.

Jasho na hewa ya pwani ndivyo vinavyoua vifaa hivi Tanga, kabla hata ya kuanguka chini. Ukirudi, futa mito kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha kikavu. Toa betri. Betri ya kawaida iliyosahauliwa huvuja ule unga mweupe unaokula chuma, na hapo kifaa kimekwisha. Za AAA za lithiamu ni ghali, lakini hukaa muda mrefu na ni nadra kuvuja. Vile vibetri vya duara vya kuvuta hewa, ukishabandua kibandiko huanza kuisha, uvitumie usivitumie, kwa hiyo kibandue siku ya safari tu, uache kibetri kama dakika moja au mbili kivute hewa ndipo ukiweke. Hifadhi kifaa kwenye kopo linalofunga, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi za viatu. Mito ikikakamaa au kupasuka, nunua mingine. Kwa jasho letu usipitishe mwaka.

Hatua ya 8: Masikio ya wenzako

Neno hili liko moyoni mwangu. Nimeona mgeni amevaa vikinga vya mamia ya dola, na mbele yake mfuatiliaji wa nyayo, kijana wa Kilindi, masikio wazi. Kijana ndiye anayesimika yale mafimbo matatu ya kuegemeza raifo, kwa hiyo bunduki inapolia yeye yuko ubavuni mwa mtutu, karibu kuliko hata mpigaji. Mpigaji analipia wanyama wachache kwa safari. Kijana anasimama hapo msimu mzima, mwaka baada ya mwaka. Na anachouza ni nini? Macho yake na masikio yake. Akipoteza sauti nyembamba, hasikii tena ndege walinzi wanaoruka juu ya nyati, wala kijiti kinachovunjika mbali, na kazi imekwisha.

Kama una pesa za pea moja ya bei kubwa, nunua pea mbili za bei ya kati. Kama huna, boksi la vizibo vya sponji halina bei kubwa. Gawa kabla ya kuondoka, na onyesha kila mmoja jinsi ya kuviingiza. Kubalianeni pia ishara ya mkono kabla ya risasi, aliye ubavuni arudi nyuma ya mstari wa mtutu.

Hatua ya 9: Pima sikio lako, na ujue la kufanya ukiumia

Kabla ya msimu, pimwa usikivu, ili uwe na kumbukumbu ya kulinganisha baadaye. Tanga, anzia Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, uulizie huduma ya masikio, pua na koo. Kwa matatizo makubwa kuna Muhimbili, ambako tangu 2017 wamekuwa wakipandikiza hata vifaa vya usikivu ndani ya koklea.

Mlio ukikupata bila kinga, sikio likaziba au likalia, siku hiyo usipige tena risasi. Usitie mafuta ya moto, maji ya kitunguu wala kitu chochote. Kama kuna damu au majimaji, sikio likae kavu, hata kuoga uwe mwangalifu. Kesho yake kama bado linalia au umepungukiwa kusikia, nenda kwa daktari wa masikio haraka. Kuna matibabu yanayoweza kusaidia yakianza ndani ya siku chache, na kila siku inayopita yanapungua nguvu. Mimi nilingoja miezi miwili nikidhani litazibuka lenyewe.

Siku hizi navaa vikombe kabla ya kufungua mfuko wa bunduki, na navua mtutu ukishakaguliwa na risasi zimerudi kwenye boksi. Karatasi ya kipimo cha masikio naiweka bahasha moja na leseni ya bunduki, na kila nikienda kuhuisha leseni naenda na kupima tena.